Mbuyu Hauzuii Jua

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 ambaye uso wake ulionekana kama wa watu wawili. Upande wa kulia alikuwa mzee wa kawaida. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imelegea, nene, yenye makunyanzi ya kina yaliyoshuka hadi shingoni. Mtu huyo alikuwa ameendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28, na Marekani usukani uko kushoto. Kioo cha dirisha kilimkinga na mionzi inayobabua ngozi, lakini kiliruhusu ile nyingine, isiyouma wala kuacha malengelenge, impige upande mmoja wa uso kwa karibu miongo mitatu.

Kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva wa Shinyanga kwenda Mwanza huzeeka kwa shavu la kulia. Lakini Maganzo wanaokaa nyuma ya kioo ni wachache. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kishapu uko kando ya barabara hiyo, jirani na mgodi wa Mwadui ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na kazi nyingi za hapa hazina paa. Kuna wanaochekecha changarawe kutwa nzima wakitafuta punje ya almasi, wakulima wa pamba na alizeti, wachungaji, vijana wa bodaboda, akina mama wenye meza za nyanya na dagaa. Eneo hili liko chini kidogo ya digrii nne kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takribani asilimia 10. Ongeza kiangazi chenye vumbi na hewa kavu inayopasua midomo na visigino, utaelewa kwa nini suala la nini cha kupaka mwilini halihusu urembo peke yake.

Majibu yanauzwa kila mahali: stendi, magulioni, kwenye simu za mkononi. Mafuta ya mbuyu, ya mlonge, ya mwarobaini, sabuni ya mshubiri, unga wa manjano. Chupa hubeba ahadi tatu kwa pamoja: yanalainisha ngozi, yanarudisha ujana, yanazuia jua. Ahadi ya kwanza ina ukweli mkubwa. Ya pili ina ukweli kidogo uliotiwa chumvi. Ya tatu inaweza kuua mtu, na katika mkoa huu tunajua ni nani atakayekufa.

Tuanze na jua lenyewe. Mionzi ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. UVB huishia juu juu kwenye ngozi. Ndiyo inayobabua na kuharibu vinasaba vya chembe hai. UVA, ambayo ni sehemu kubwa zaidi ya mionzi hiyo, huzama chini kwenye tabaka lenye kolajeni, protini inayoipa ngozi unyumbufu na uimara. Huko huzalisha kemikali kali na kuamsha vimeng'enya vinavyoikatakata kolajeni. Ngozi hujikarabati, lakini kila ukarabati huacha kasoro ndogo, na kasoro hizo zikijumlishwa kwa miaka ndizo tunazoziita uzee wa uso. Ulinganishe uso na ngozi ya tumboni mwa mtu yuleyule mwenye miaka 60: tumbo halijaona jua, na halina makunyanzi ya namna ile.

Weusi wa ngozi ni kinga ya kweli. Mwaka 1979 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walipima ni kiasi gani cha mionzi hupenya tabaka la juu la ngozi. Kwa watu weusi ilipenya takribani asilimia 7 ya UVB. Kwa weupe asilimia 24. Walikadiria kwamba kinga ya asili ya ngozi nyeusi ni sawa na SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 13 hivi. Ndiyo sababu mwanamke wa Kisukuma wa miaka 50 mara nyingi huonekana kijana kuliko Mzungu wa umri wake. Lakini katika vipimo hivyohivyo UVA iliyopenya ngozi nyeusi ilikuwa asilimia 17 na nusu. Kwetu uharibifu huo huanza kuonekana kwa madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso, na rangi isiyolingana, kabla ya makunyanzi. Madoa hayo ndiyo yanayowapeleka wengi kwenye mkorogo, yaani krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Nitarudi huko.

Mmea nao hauwezi kukimbilia kivulini. Mbuyu husimama juani mamia ya miaka, na majani yake yangeungua kama yasingejitengenezea kinga. Ndiyo maana mimea imejaa polifenoli, flavonoidi, karotenoidi na vitamini E: kemikali zinazonyonya sehemu ya mionzi na kutuliza zile kemikali kali kabla hazijaharibu chembe hai. Sayansi ya vipodozi imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya hoja hiyo. Kilichoukinga mmea, kikikamuliwa, kikasafishwa na kupakwa kwa kiwango kinachojulikana, kinaweza kuisaidia ngozi ya mtu. Hoja ni nzuri, na mara kadhaa imethibitika.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye zao ambalo Maganzo hulitazama kama chakula tu, yaani alizeti. Mafuta yake yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huhitaji asidi hiyo kutengeneza mafuta yanayoziba nafasi kati ya chembe zake za juu. Zikizibwa vizuri, maji hayatoki na vijidudu haviingii. Huko Dhaka, Bangladesh, madaktari waliwapaka mafuta ya alizeti watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao ngozi yao huwa bado haijakomaa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41 kwa watoto hao. Mafuta ya zeituni, yanayosifiwa na kuuzwa ghali, yalipopimwa Uingereza miaka michache baadaye kwa watu wazima yalionekana kudhoofisha ukuta huohuo wa ngozi, wakati ya alizeti hayakuudhuru. Kwa hiyo mama mwenye lita ya alizeti jikoni asidharau alichonacho.

Mbegu za mbuyu nazo zina mafuta mazuri, yenye mchanganyiko wa asidi ya oleiki, linoleiki na palmitiki. Yanapenya upesi na hayanati sana. Ya mlonge yana oleiki nyingi na hukaa muda mrefu bila kuvunda, sifa iliyowafanya watengenezaji wa manukato kuyapenda tangu zamani. Yote haya hulainisha. Hakuna hata moja kati yake lililothibitishwa kufuta kunyanzi ambalo tayari limeshazama. Nisiwaonee watengenezaji wa mafuta ya mimea lakini nisiwapendelee pia: katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, mafuta ya mgando ya bei nafuu yanayotokana na petroli huyashinda karibu mafuta yote ya mimea. Na bibi zetu wa Usukuma waliojipaka samli ya ng'ombe wakati wa kiangazi walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo.

Habari ya kurudisha ujana ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tofauti kati ya mmea na kiambato cha mmea inapoonekana. Chukua unga wa ubuyu, ambao una vitamini C. Vitamini hiyo husaidia kweli ngozi kutengeneza kolajeni. Lakini ikichanganywa na maji huharibika kwa hewa na mwanga, na ili ipenye ngozi inahitaji kuwa katika mchanganyiko wenye asidi kali iliyopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha mwaka 2005 kwamba vitamini C ya asilimia 15 pamoja na vitamini E ya asilimia 1 hupunguza madhara ya mionzi kwenye ngozi kama mara nne, na ikiongezwa nusu asilimia ya asidi feruliki kinga hiyo hufika kama mara nane, na mchanganyiko wenyewe hudumu. Asidi feruliki ipo tele kwenye pumba za mpunga, zile ambazo Kahama na Shinyanga hulishwa kuku. Hata hivyo hakuna anayeweza kusugua pumba usoni akapata matokeo ya maabara. Kati ya pumba na ile nusu asilimia kuna kutenganisha, kusafisha, kupima na kuhifadhi mbali na joto. Bila hatua hizo, kinachobaki usoni ni uji.

Mfano mwingine ni bakuchioli, inayotolewa kwenye mbegu za mmea uitwao babchi wa India. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa ngozi wa Uingereza lilichapisha jaribio la watu 44 kwa wiki 12, likiilinganisha bakuchioli ya nusu asilimia na retinoli, kiambato kinachotumika sana dhidi ya makunyanzi. Zote mbili zilipunguza makunyanzi na madoa kwa kiasi kinachokaribiana, na bakuchioli iliwasha na kubambua kidogo kuliko mwenzake. Watu 44 ni wachache, na wiki 12 ni muda mfupi. Lakini jaribio lilikuwa na kiwango, muda na kitu cha kulinganisha. Hivyo vitatu ndivyo vinavyokosekana kwenye chupa isiyo na lebo.

Na kuna mambo ya jikoni ambayo lazima yakemewe waziwazi. Limau usoni ni hatari. Maji yake yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi, huleta malengelenge na kuacha weusi unaoweza kukaa miezi. Binti anayepaka limau asubuhi kuondoa doa kisha akaenda gulioni anajitengenezea doa jipya. Mshubiri una ute unaotuliza ngozi iliyochubuka, lakini maji ya njano yanayotoka chini ya gamba lake huwasha. Jani likatwe, liachwe lichuruzike, lioshwe, kisha ute utolewe. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kusaidia ngozi yenye fangasi, ila mtoto akiyanywa yanaweza kumletea degedege na hata kifo. Chupa yake isikae kando ya mafuta ya kula.

Sasa ahadi ya tatu. Katika maabara, mafuta ya mimea yaliyochanganywa na spiriti na kupimwa kwa mashine yameonyesha kinga ya SPF 7 au 8 hivi, na namba hizo zimezunguka dunia nzima zikitumiwa na wauzaji. Lakini kinga ya jua hupimwa kwenye ngozi ya watu, kwa miligramu mbili za mafuta kwa kila sentimita moja ya mraba, na huko mafuta ya mimea hayafui dafu. Mtu akitoka jasho kwenye chekeche, hata kile kidogo huondoka. Kwa mwenye ngozi nyeusi kosa hili litamgharimu madoa. Kwa mwenye ualbino litamgharimu maisha.

Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao kuhusu ngozi za Watanzania wenye ualbino. Dalili za uharibifu wa jua walizikuta tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Saratani ya ngozi, ambayo kwa wengine ni ugonjwa wa uzeeni, kwao huanza ujanani. Na huu ndio ukanda ambao kuanzia miaka ya 2006 na 2007 uliaibika kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na waganga waliowadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya aina hiyo. Watoto wengi walikimbiziwa shule ya Buhangija, Shinyanga mjini, ili walindwe. Panga lilitikisa dunia. Jua huua polepole na haliandikwi magazetini, ilhali nalo linachukua watu haohao.

Kwa watoto hao Tanzania ina jibu lake. Hospitali ya KCMC Moshi, yenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ina kitengo kinachotengeneza mafuta ya Kilisun, yenye SPF 30, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kazi hiyo ilianzishwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, na kampuni ya BASF ya Ujerumani imekuwa ikichangia viambato na utaalamu. Mafuta hayo hutolewa bure, yakienda pamoja na uchunguzi wa ngozi na elimu kwa wazazi. Yanazuia mionzi kwa vichujio vilivyopimwa, na hilo ndilo linalohitajika. Mzazi anayeshawishiwa kuyaacha kwa sababu mafuta ya mbuyu ni ya asili anadanganywa. Neno asili halina SPF.

Nilisema nitarudi kwenye mkorogo. Katika ukanda huu hadithi yake ina ukatili wa pekee, kwa sababu sumu iliyomo ndani yake tunaijua kwa jina la kazi. Kwenye mialo ya dhahabu ya Geita, kuanzia Rwamagasa hadi Nyarugusu, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa vumbi la dhahabu, kisha huichoma na kuvuta mvuke wake. Zebaki hiyohiyo imekuwa ikitiwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha, kwa kuwa huzuia ngozi kutengeneza rangi. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na hupita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni. Kuna familia ambazo baba hurudi nayo kutoka mwaloni na mama huinunua dukani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Haidrokwinoni na steroidi kwenye vipodozi zilishapigwa marufuku nchini. Mkorogo unapoondoa rangi unaondoa pia ile kinga ya SPF 13 aliyozaliwa nayo mtu, kisha unamwacha na jua lilelile la Kishapu. Hapo mmea una nafasi ya heshima: mwenye madoa anayejipaka alizeti na kuvaa kofia pana anafanya jambo la maana kuliko anayenunua krimu ya magendo.

Nafasi nyingine ya mmea ni kipato. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliisikitikia Shinyanga kwamba inageuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta elimu ngeni peke yake, mradi uliamsha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lipumzike. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto kwa njia hiyo. Ndani ya ngitili kuna miti yenye mbegu za mafuta ambazo leo huanguka na kuliwa na mbuzi. Kaskazini mwa Namibia wanawake waliojiunga katika ushirika wa Eudafano wamekuwa wakikamua mafuta ya mng'ongo na kuyauza kwa makampuni makubwa ya vipodozi. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, wanawake wa Paje wanatengeneza sabuni na krimu za mwani badala ya kuuza gunia kavu kwa bei ya kutupa. Mng'ongo na mbuyu vipo Shinyanga. Kinachopungua ni mashine ya kukamua bila joto, chupa za rangi zinazozuia mwanga, na mtu wa kupima kila pipa.

Tahadhari nayo ipo. Kenya ililazimika kupiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya Rais mwaka 1986, baada ya biashara ya utomvu wake kuifyeka. Msandali wa Afrika Mashariki, unaotafutwa kwa mafuta ya manukato na vipodozi, uling'olewa na mizizi yake hadi ukaingizwa mwaka 2013 kwenye orodha ya kimataifa ya spishi ambazo biashara yake hudhibitiwa. Mbegu za mbuyu huokotwa bila kuua mti, na kwa hiyo ni mahali salama pa kuanzia. Magome na mizizi visiguswe.

Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha wajasiriamali kutengeneza sabuni na kukamua mafuta. Halmashauri ya Kishapu, ambayo kila mwaka hutenga mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingeweza kuvikutanisha vikundi vya Maganzo na taasisi hizo mbili. Uuzwe mbuyu wenye lebo, tarehe na kipimo, na lebo hiyo iseme wazi kwamba haya ni mafuta ya kulainisha ngozi, hayazuii jua.

Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi anayefanya kazi juani: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kazi ikiruhusu, na mafuta ya alizeti au ya mbuyu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kidonda usoni au mkononi kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe kituo cha afya. Na kwa mzazi wa mtoto mwenye ualbino, Maganzo au popote: ulizia Kilisun au mafuta mengine yenye SPF 30 au zaidi kupitia kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa au chama cha watu wenye ualbino, mpake mtoto kila asubuhi na tena mchana, na usikubali akabidhiwe chupa ya mbuyu badala yake.